Waziri Ndani ya Kabati la Sambusa

Nyumbani kwa kina Hayat, asubuhi ilianza kunukia iliki kabla jua halijakumbuka kuchomoza. Baba yake, Mahmud, aliuza mahamri, sambusa na viazi karai kwenye kibanda kilichokuwa karibu na lango la mtaa wao wa Tena, jijini Nairobi. Watu wa Tena walikuwa na tabia moja: hawakuweza kwenda kazini bila kitu cha moto mkononi. Kwa hivyo Mama alikanda unga, Baba akakaanga, na Bibi Mgeni, mama yake Baba, akakunja sambusa huku akiyasema magoti yake kana kwamba ni wapangaji wasiolipa kodi.

Kazi ya Hayat ilikuwa kusugua kabati la vioo la kuuzia sambusa mpaka ling'are, kisha kuwasha balbu iliyoning'inia ndani yake. Balbu ile ndiyo iliyofanya vitu vibaki moto. Baba alipenda kusema kwamba sambusa baridi haina rafiki.

Hayat alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa Gredi ya Saba. Alikuwa mwepesi wa miguu, mwepesi wa hesabu, na mwepesi kupita kiasi wa ulimi. Tatizo lake lilikuwa neno moja tu.

"Hayat, usisahau kufunga..."

"Najua, Baba."

"Hayat, maji ya mtungi ule wa..."

"Najua, Mama."

Bibi Mgeni, aliyezoea kumwita "mke mwenzangu" kwa utani wa mabibi wa Pwani na wajukuu wao, alitikisa kichwa. "Huyu mke mwenzangu alizaliwa akiwa amekwisha kuhitimu," alisema. "Sijui tunamlipia shule ya nini."

Shuleni nako jina lilikuwa limemfuata. Mutunga, jirani yao wa ghorofa ya juu na mwanafunzi mwenzake, hakumsalimu kama watu wengine. "Niaje, Bi. Najua?" ndiyo iliyokuwa salamu yake ya kila asubuhi.

Shule yao ilikuwa na klabu ya wanyama, na klabu ilikuwa na mnyama mmoja tu, lakini huyo mmoja alitosha. Alikuwa mjusi mwenye ndevu. Si kama mjusi wa ukutani unayemjua wewe, yule anayekimbia ukiwasha taa. Huyu alikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, rangi ya mchanga, na miiba laini chini ya kidevu. Akikasirika, miiba ile ilivimba ikawa kama ndevu. Wenzake wa porini huishi katika majangwa ya Australia. Yeye alizaliwa kizimbani, akaletwa shuleni na karatasi zake zote za ruhusa, kwa sababu mnyama wa aina hiyo hafugwi kiholela. Wanafunzi walimwita Waziri. Sababu ilikuwa kwamba alikaa chini ya taa siku nzima bila kufanya kazi yoyote inayoonekana, na ukimuuliza jambo alivimba shingo.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, Mwalimu Syombua, mlezi wa klabu, aliwakusanya wanachama.

"Chumba cha sayansi kitapakwa rangi likizoni," alisema. "Harufu ya rangi itamdhuru Waziri, nami nakwenda Kitui kumwona mama yangu. Ni nani mwenye nafasi nyumbani?"

Mikono ikainuka kama majani ya mahindi.

"Na kati yenu, ni nani amewahi kufuga mjusi?"

Mikono yote ikashuka, isipokuwa mmoja. Mkono wa Hayat ulibaki juu.

Ukweli ni kwamba Hayat hakuwa amefuga hata kifaranga. Alikuwa amewaona mijusi wengi ukutani kwa shangazi yake Kilifi, akajiambia kwamba kuona ni nusu ya kufuga. Nusu ya pili angeijaza baadaye.

"Vizuri," alisema Mwalimu Syombua. "Tangi letu lina ufa. Likipandishwa mkokoteni litafika vipande vipande. Una kitu cha kumweka ndani?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nyumba ya vioo. Ina taa ndani, kubwa."

Hapo hakudanganya. Baba alikuwa ametengenezewa kabati jipya, na lile la zamani lilikuwa limekaa bure nyuma ya mlango.

"Basi nisikilize. Anahitaji joto upande mmoja, lakini upande wa pili..."

"Najua, Mwalimu."

"Taa yake iwake mchana. Jioni ikifika..."

"Najua."

"Na jua, Hayat. Jua lenyewe, si lile linalopitia..."

"Najua, Mwalimu. Si nimewahi kufuga?"

Mutunga alikohoa kikohozi kisichotokana na mafua. Mwalimu Syombua alimtazama Hayat kitambo, kisha akampa ndoo ya nyenje hai wa kumlisha Waziri na kikopo cha unga mweupe wa chokaa ya chakula, wa kuwapaka nyenje ili mifupa ya mjusi iwe na nguvu. "Nimeongea na baba yako, na nambari yangu anayo," alisema. "Lolote likitokea, nipigieni. Nimesema lolote."

Nyumbani, Bibi Mgeni alipomwona mgeni, alipandisha miguu yote miwili kwenye kiti, magoti mabovu na yote.

"Yarabi! Kwetu mjusi hupigwa kandambili, hapewi chumba!"

"Huyu si wa ukutani, Bibi. Huyu ni wa shule."

"Amesoma mpaka darasa la ngapi?"

Baba alicheka, lakini alitoa masharti yake bila kucheka. Kabati lile halitarudi tena kwenye chakula. Litakaa sebuleni, mbali na jikoni. Na atakayemgusa Waziri atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa hata kikombe, kwa maana wanyama hao hubeba viini vinavyoumiza tumbo la binadamu, na nyumba ile ililisha mtaa mzima.

"Najua, Baba," alisema Hayat, na kwa bahati nzuri hilo alilijua kweli.

Akamwandalia Waziri makao. Kwa kuwa jangwani kuna mchanga, alichota mchanga kwenye jengo lililokuwa likijengwa nyuma ya ploti yao ya nyumba za kupanga. Kwa kuwa jangwani kuna jua, aliliweka kabati chini ya dirisha lililofungwa. Kwa kuwa jangwani kuna joto, aliwasha balbu na kuiacha ikiwaka usiku na mchana. Fundi aliyelitengeneza kabati lile alikuwa hodari wa kazi yake: joto lilienea kila pembe, na hakuna upepo uliopenya.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na Hayat akawa mtu mashuhuri. Watoto wa ploti walipanga foleni mlangoni kumwona Waziri akiwadaka nyenje kwa ulimi. Kisha Waziri akaanza kukaa kinywa wazi.

"Kwani ana nini?" aliuliza Mutunga, pua yake ikigusa kioo.

"Anacheka."

"Anacheka nini kutwa nzima?"

"Anakucheka wewe."

Lakini Waziri hakufumba kinywa hata watazamaji walipokwenda zao. Ndevu zake ziligeuka nyeusi kama masizi. Alikwaruza kioo kwa kucha, akaacha, akakwaruza tena. Nyenje walimpanda mgongoni wakashuka salama, kwa kuwa hakuwataka tena. Macho yake yalianza kuzama.

Hayat alifikiri sana. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na baridi ya Nairobi mwezi huo huingia hadi kwenye soksi. Akaamua kwamba Waziri anasikia baridi. Akaziba nyufa zote za kabati kwa vipande vya katoni, akatoa balbu ya zamani akaweka kubwa zaidi.

Bibi Mgeni, ambaye sasa alithubutu kukaa na miguu chini, alimwangalia Waziri kwa jicho moja. "Mke mwenzangu, mbona mgeni wako anafanana na sambusa ya jana?"

"Atapona, Bibi. Najua."

Mutunga alimfuata hadi kwenye ngazi. "Hayat, mpigie Mwalimu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Waziri ni mgonjwa."

"Ataniuliza yule wa kwanza nilimfuga vipi."

"Yule wa kwanza yupi?" Mutunga alisimama. Alimtazama usoni, akaelewa. "Wacha! Hujawahi kufuga?"

"Punguza sauti!"

"Hujawahi kufuga, na mwalimu mzima akakuamini!"

"Nikisema nitatolewa klabuni, Mutunga. Wote watanicheka. Unajua watakavyoniita?"

"Afadhali wewe utolewe klabuni kuliko yeye atolewe duniani."

Hayat akageuka kurudi ndani, wala simu hakupiga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, hata lile neno lake halikupatikana.

Siku iliyofuata, tokeni za stima ziliisha mchana, Baba akiwa kibandani. Nyumba ikawa kimya, balbu ikazimika, na Hayat akafungua mlango wa kabati ili angalau hewa iingie. Kidogo kidogo Waziri akafumba kinywa. Akajivuta hadi mlangoni. Hayat alimdondoshea tone la maji kwenye ncha ya pua, naye akalilamba. Akalilamba na la pili.

Kumbe adui ni taa! Baba aliporudi na stima kuwaka, Hayat hakuiwasha tena ile balbu. Aliuchomoa waya kabisa, akauzungusha na kuutia mfukoni ili mtu asije akasahau. Hakumuuliza mtu yeyote. Aliona amekwisha kujifunza kutokana na alichokiona kwa macho yake. Hapo ndipo aliyetoka kwenye mafuta yanayochemka akatupwa kwenye jokofu.

Asubuhi ukungu ulifunika Tena yote, na nguo zilizoachwa kwenye kamba zilikuwa mbichi kuliko zilipoanikwa. Hayat alipofungua kabati, Waziri alikuwa amejilaza na rangi ya majivu. Alimgusa. Alikuwa baridi kama bomba la maji.

"Waziri?"

Bibi Mgeni aliacha kukunja sambusa. Mama alizima jiko. Hayat alimwinua Waziri kwa viganja viwili, naye alikuwa mzito kwa namna ya kutisha, kama kitu kisicho na mwenyewe. Kisha ukucha mmoja ukakuna kidole gumba cha Hayat, kidogo tu, ukatulia.

Hayat alimweka Waziri mikononi mwa Mama, akanawa mikono upesi, akakimbia akiwa na kandambili mguu mmoja hadi kibandani. Watu walikuwa wamejipanga kusubiri mahamri.

"Baba, nipe simu. Nataka kumpigia Mwalimu Syombua."

"Kuna nini?"

"Nilidanganya," alisema Hayat, mbele ya foleni yote. Fundi wa pikipiki aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna. "Nilisema nimewahi kufuga mjusi. Sijawahi. Na sasa Waziri anakufa."

Baba alijifuta unga mikononi, akaitafuta nambari, akampa.

Simu ililia mara kadhaa. Mwalimu Syombua alipopokea, jogoo wa Kitui alikuwa akiwika nyuma yake.

"Mwalimu, shikamoo. Ni Hayat. Waziri anakufa, nami sijawahi kufuga mjusi. Wala kinyonga. Wala kuku."

Jogoo akawika tena.

"Anapumua?"

"Anapumua kidogo. Ana baridi. Nilizima taa. Kwanza alikuwa na joto jingi, kinywa wazi, halafu nikazima."

"Basi kesi yako tutaisikiliza baadaye. Kesi yake ndiyo ya sasa. Kimbia nyumbani na hiyo simu. Tafuta mtu mwenye utulivu, amfunike kwa kitambaa na kumweka kifuani, joto la mwili wake limwamshe polepole. Msimpeleke karibu na jiko. Akishtuliwa na moto wa ghafla mtampoteza."

Hayat alipofika alikuwa akihema kwa mbio na simu sikioni, hata hakuweza kumpokea Waziri. Mama naye alitakiwa kurudi kwenye unga, maana wateja walikuwa wakimngoja Baba. Wote wawili wakamtazama Bibi Mgeni.

"Msinitazame hivyo," alisema Bibi. Wakaendelea kumtazama. "Astaghfirullahi. Haya, mleteni. Mleteni kabla sijabadili nia!"

Akamkunja Waziri ndani ya kanga yake, akamweka kifuani, akafumba macho kama mtu anayedungwa sindano.

"Sasa, Hayat," Mwalimu alisema simuni, "siku ile ulinikatiza sentensi tatu. Leo nitazimalizia zote, na sitaki kulisikia lile neno lako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ya kwanza. Joto upande mmoja, lakini upande wa pili pawe na kivuli na ubaridi. Sisi tuna jiko ndani ya miili yetu, Waziri hana. Akitaka joto huenda kwenye joto. Likizidi, hukimbilia kivulini. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa nzima. Siku zote mlizomwona amekaa mkadhani ni mvivu, alikuwa akipima. Wewe ulimweka kwenye nini?"

"Kabati la kuuzia sambusa."

"Na lile hutengenezwa ili lifanye nini?"

Hayat alilitazama kabati kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza, yeye aliyelisugua miaka yote ile. "Ili joto lifike kila pembe," alisema polepole. "Lisitoke. Mwalimu, hakuwa anacheka. Tulikuwa tunamfanya sambusa."

"Kinywa wazi ilikuwa njia yake ya kusema joto limemzidi na hana pa kwenda. Ya pili. Taa iwake mchana, jioni izimwe ili alale, na asubuhi iwashwe tena. Usiku baridi ikizidi, mfunikie nyumba yake blanketi. Ya tatu. Jua lenyewe, si lile linalopitia kioo. Kioo huacha mwanga upite, lakini huzuia ile sehemu ya jua inayosaidia mifupa yake kupata nguvu. Ni bora saa moja juani kuliko siku nzima dirishani. Ulitandika nini chini?"

"Mchanga."

"Wa wapi?"

"Wa mjengo."

"Toa wote. Akiumeza utamziba. Tandika magazeti. Na kufikia adhuhuri, awe ameamka au hajaamka, mpelekeni kwa Daktari Kavata, daktari wa mifugo kule mtaa wa Umoja. Nitamjulisha sasa hivi."

Mara tatu lile neno lilikuwa limepanda hadi kooni mwa Hayat, na mara tatu alikuwa amelimeza. Lilikuwa chungu kama dawa ya minyoo.

Chini ya kanga, kitu kilijisogeza. Bibi Mgeni akafumbua jicho moja.

"Amenikuna," alinong'ona. "Mke mwenzangu, amenikuna! Kumbe mzima, huyu mshenzi!" Na ingawa baadaye alikana katakata, Hayat alimsikia akimwimbia.

Daktari Kavata alimpima, akasema amekauka maji mwilini na amechoka, lakini mifupa yake bado ni imara. Alielekeza aogeshwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita mabega, apewe nyenje wachache, na majani ya sukuma wiki na malenge yaliyokatwa vipande vidogo. Hayat alikuwa akimpa nyenje tu. Mjusi mkubwa, daktari alisema, hula majani zaidi kuliko nyama, sawasawa na watu wengi wa Nairobi mwisho wa mwezi.

Kila jua lilipochomoza mawinguni, Hayat na Mutunga walimpandisha Waziri juu ya paa la ghorofa, palipo na kamba za nguo. Walimweka chini ya tenga la kuku, nusu yake wazi kwa jua na nusu imefunikwa kwa gunia ili apate kivuli. Mwewe wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, wanaonyakua mahamri mkononi mwa mtu mzima, walizunguka juu wakitafakari. Mutunga alisimama akizungusha ufagio.

"Mimi ndiye mlinzi wa Waziri," alijisifu. "Nikitoka hapa nataka king'ora."

Lilibaki suala la nyumba. Kabati lilikuwa fupi mno kuwa na pande mbili. Hayat akapanda hadi kwa babake Mutunga, Mzee Mativo, mchongaji wa vinyago, akamkuta ameketi katikati ya vumbi la mbao.

"Baba Mutunga, naomba kuuliza. Mtu akitaka kabati liwe na joto huku na baridi kule, afanye nini?"

Mzee Mativo alishuka akaliangalia kabati, akalizunguka, akauliza maswali yake mwenyewe kuhusu mjusi. Hayat akajibu aliyoyajua, na asiyoyajua akampigia Mwalimu. Mwishowe Mzee Mativo aling'oa kioo cha upande mmoja, akaunganisha sanduku refu la mbao lenye matundu ya hewa juu. Balbu ikabaki kwenye vioo, juu ya tawi kavu la kuotea joto. Ndani ya sanduku mlikuwa na kivuli na bakuli la maji.

"Vyumba viwili," alisema akipangusa mikono. "Chumba cha joto na chumba cha kupumzikia. Mimi nina watoto watatu na chumba kimoja. Mwambieni Waziri aniombee na mimi."

Waziri alisimama mlangoni mwa nyumba yake mpya. Akaota joto juu ya tawi mpaka ndevu zake zikarudi rangi ya mchanga. Kisha akashuka, akaingia kivulini. Baadaye akatoka tena. Hayat alikaa sakafuni akimtazama akienda na kurudi, na hakuona kitu kizuri kama kile likizo ile nzima.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mwalimu Syombua alikuja Tena kumchukua Waziri. Alikagua sanduku, balbu, magazeti na mikono ya Hayat. Alimwinua Waziri, akamgeuza, akamtazama macho. Hata Bibi aliacha kuyasema magoti yake.

"Amepungua kidogo," alisema, "lakini ni mzima. Sasa ile kesi yako."

"Nitolewe klabuni, Mwalimu?" Sauti ya Hayat ilikuwa ndogo.

"La. Lakini likizo ijayo Waziri atakaa kwa kina Mutunga, na wewe utakuwa msaidizi wa Mutunga."

Mutunga alivimba shingo kama Waziri mwenyewe.

"Na muhula ukianza utasimama mbele ya klabu, uwaeleze yaliyotokea, yote, tangu ule mkono uliobaki juu. Nisikilize, mwanangu. Hukukosea kwa kutojua. Nilipomleta Waziri shuleni, mimi pia sikujua, na Daktari Kavata alinichoka kwa maswali. Ulikosea ulipojifanya unajua. Mtu anayesema 'najua' kabla ya wakati amejifungia kwenye kabati kama lile: hakuna kipya kinachoingia, na yeye mwenyewe hukauka humo ndani. Na uongo wako, ulioudhani mdogo kama mkono ulioinuliwa, ulilipiwa na asiye na kosa wala mdomo wa kujitetea. Kilichomwokoa ni ukweli uliousema mbele ya watu, ingawa ulichelewa."

"Kuuliza si ujinga," alidakia Bibi Mgeni, akimpokea Waziri bila kuombwa na kumfunika kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia tangu zamani, akanijibu anajua."

Hapo kipande chembamba cha ngozi kikabanduka mgongoni mwa Waziri, kikabaki kwenye kanga ya Bibi kama karatasi ya kitunguu. Bibi alipiga yowe dogo.

"Usiogope, Mama," alisema Mwalimu Syombua. "Anaanza kujivua ngozi, na wakati huu anahitaji msaada wa namna yake. Hayat, unajua mtu humsaidiaje?"

Hayat alifungua kinywa. Baba aliinua kichwa. Mutunga aliinua nyusi zote mbili na kusubiri.

"Sijui, Mwalimu."

"Andikeni tarehe!" alipiga kelele Mutunga. "Jamani, kuna aliyeandika tarehe?"

Hayat alicheka pamoja nao. Alikwenda akanawa mikono, akarudi, akaketi karibu na mwalimu wake.

"Nifundishe," alisema. "Leo nitangoja umalize."